Uta Mkononi: Jinsi Wasasi wa Jadi Wanavyobeba Mata Nyikani

Utangulizi

Mtu anapotajiwa msasi wa jadi, taswira inayomjia akilini aghalabu ni ya mwanamume aliyevuta upote hadi shavuni, jicho limekaza, na mnyama amesimama mbele yake. Taswira hiyo si ya uongo, lakini ni sehemu ndogo mno ya kazi ya usasi. Msasi huweza kutembea tangu alfajiri hadi machweo na asifume hata mshale mmoja. Akibahatika kufuma, tendo lenyewe huisha kabla ya kupepesa jicho mara mbili. Muda wote uliosalia uta haufumi; unabebwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wasasi wa jadi wanavyobeba uta wanapokuwa nyikani, na sababu za kuubeba hivyo. Mifano mikuu imetolewa kwa Waata wa nyika ya Tsavo nchini Kenya na Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Makala yanashikilia kwamba ubebaji wa uta si jambo la mkono kushika tu chochote upendavyo. Ni elimu iliyokusanya ujuzi wa miti, wanyama, sumu na adabu ya kuishi na watu, na kwa upande wa Kenya, elimu hiyo imo hatarini kupotea pamoja na msamiati wake.

Uta na Sehemu Zake

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, ni vyema istilahi zifafanuliwe, kwa kuwa nyingi zimeanza kusahaulika hata miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wenyewe. Leo wengi hulijua neno upinde, ambalo linatokana na kitenzi pinda. Jina kongwe zaidi ni uta. Ukongwe wake unathibitishwa na lugha nyingine za Kibantu: Wakikuyu na Wakamba husema ũta, nao wasemaji wa Kichewa na Kishona, walio mbali kusini, husema uta. Neno mata hutumiwa kwa uta pamoja na mishale yake, na wakati mwingine kwa silaha kwa jumla.

Uzi wa uta huitwa upote. Kwa desturi ulitengenezwa kwa kano za mnyama zilizosokotwa au kwa ukanda wa ngozi. Mshale nao una sehemu zake. Mti wake ni wano, na ncha yake ya chuma ni chembe au kigumba. Nyuma ya wano hufungwa manyoya ya ndege, aghalabu ya tai, ili mshale usiyumbe angani. Mfuko au mkebe wa kuwekea mishale ni podo, na vilevile huitwa ziaka. Msomaji anayefahamu Kikamba atatambua mara moja kwamba neno hili linafanana na thyaka, na mwenye kujua Kikuyu atakumbuka thiaka. Kufanana huko kunaonyesha kwamba jamii hizi zilikuwa na chombo kimoja na jina lililo karibu moja la kukiita.

Uta wa jadi wa Afrika Mashariki hutengenezwa kwa kipande kimoja cha mti mgumu usiovunjika upesi, kwa mfano mkole. Kipande hicho huchongwa kikawa kinene katikati na chembamba kuelekea ncha zote mbili. Hapo katikati ndipo mkono wa msasi unaposhika, wakati wa kufuma na wakati wa kubeba.

Mti, Upote na Hali ya Hewa

Jambo la kwanza linaloamua namna ya kubeba uta ni uhai wa mti wenyewe. Mti uliopindwa kwa muda mrefu huzoea kupinda. Uta ukikaa na upote uliokazwa siku baada ya siku, nguvu zake hupungua kidogo kidogo na mshale huanza kuanguka karibu. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za dunia wasasi wanaotumia uta wa mti mmoja huulegeza upote wa uta usiotumika, na kuukaza tena wanapotoka kwenda mawindoni. Hata hivyo, uta uliolegezwa ni fimbo tu. Paa akichipuka kichakani ghafla, mwenye uta uliolegea hana la kufanya ila kumtazama akienda. Kwa hiyo msasi hupima kila mara kati ya kuulinda uta wake na kuwa tayari.

Jambo la pili ni maji na jua. Upote wa kano au wa ngozi ukilowa hulegea, na uta wenye upote uliolegea hauna nguvu. Asubuhi yenye umande mwingi, au wakati wa kuvuka mto, uta huinuliwa juu ya nyasi na maji, na upote hukingwa usilowe. Jua kali nalo ni adui. Uta uliotupwa juani mchana kutwa hukauka kupita kiasi, na mti uliokauka hivyo huweza kuvunjika unapovutwa. Kwa sababu hiyo uta hupakwa mafuta ya mnyama, na msasi anapopumzika huuegemeza kivulini badala ya kuulaza chini. Vilevile, mjuzi hautumii uta wake kama mkongojo. Ncha ikigonga mawe kila hatua, mahali pa kufungia upote hupata ufa, na wahenga walikwisha kusema kwamba kamba hukatikia pabovu.

Kichaka na Mkono

Jambo la tatu ni mahali panapopitwa. Nyika ya Tsavo imejaa miiba, matawi ya chini na vichaka vilivyofungamana. Anayeona uta kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba njia rahisi ni kuuvaa, yaani kupitisha kichwa na mkono mmoja kati ya mti na upote ili uta ukae mgongoni. Katika uwanda mtupu jambo hili linawezekana. Katika kichaka lina hasara nyingi. Ncha ya juu hupanda kupita kichwa na kunasa matawi ambayo mwenyewe hayaoni. Upote husuguliwa na nguo na jasho. Kubwa zaidi ni kwamba kuuvua uta huo kunahitaji mikono miwili, muda, na mwendo mwingi wa mwili, nao wanyama huuona mwendo upesi kuliko wanavyoiona rangi.

Kwa hiyo uta hushikwa mkononi. Mtu anayevuta upote kwa mkono wa kulia huushika uta kwa mkono wa kushoto, mahali pale pale atakapoushika akifuma, na mwenye shoto hufanya kinyume chake. Sehemu ya katikati ndiyo yenye mizani, na uta ulioshikwa hapo hauelemei mbele wala nyuma hata baada ya mwendo wa saa nyingi. Mkono huachwa ukining'inia bila kukazwa, na uta hulala karibu sambamba na ardhi, ncha moja ikitangulia mbele ya mwili. Msasi anapofika penye matawi huingiza kwanza ncha hiyo katika uwazi, kisha mwili hufuata, kama uzi unavyoifuata sindano. Uta uliosimamishwa wima ungegonga kila tawi. Uta uliowekwa kukingama na mwili ungezuiwa na kila mti.

Faida nyingine ya ushikaji huu ni kwamba mkono wa pili hubaki huru. Kwa mkono huo msasi husogeza tawi polepole lisilete mlio, humwashiria mwenzake bila kutamka neno, na hurusha vumbi au majivu kidogo ili ajue upepo unatoka wapi. Mnyama akitokea, mkono wenye uta hauna haja ya kubadili mahali. Unainuka tu, na mkono mwingine unaleta mshale.

Sumu na Usalama wa Mwenye Uta

Mambo yaliyotajwa hapo juu yanawahusu wasasi wa uta popote duniani. Afrika Mashariki kuna jambo jingine lenye uzito zaidi, nalo ni sumu. Sumu iliyotumiwa sana Kenya hutokana na miti ya jenasi iitwayo kitaalamu Acokanthera. Magome, vipande vya mti na mizizi huchemshwa kwa saa nyingi hadi maji yanapungua na kubaki uji mweusi mzito unaofanana na lami. Wagiriama, waliokuwa mabingwa wa kuipika, huiita utsungu, neno ambalo ni ndugu wa uchungu la Kiswahili. Neno sumu, ambalo leo hutumiwa na wote, lilitoka Kiarabu.

Mwaka 1888 mkemia Mfaransa aliyeitwa Arnaud aliitenga kemikali iliyomo katika sumu hii. Jina la kemikali hiyo, ouabain, limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mshale. Kemikali hiyo huingia katika damu na kuushambulia moyo, na kwa muda fulani ilitumiwa Ulaya kama dawa ya maradhi ya moyo kwa vipimo vidogo sana. Ikimezwa haiingii mwilini kwa urahisi, na hii ndiyo sababu nyama ya mnyama aliyefumwa iliweza kuliwa, baada ya kukatwa na kutupwa sehemu iliyozunguka jeraha. Lakini ikipenya kwenye damu, hata kwa mkwaruzo, ni hatari kwa mwanadamu kama ilivyo kwa ndovu. Nyikani hapakuwa na tiba ya kutegemewa.

Basi msasi alibeba mauti yake mwenyewe kila hatua aliyopiga. Angeweza kujikwaa kwenye mzizi, kuteleza mtoni au kuanguka shimoni. Kutokana na hatari hiyo zilizaliwa kanuni mbili. Ya kwanza ni kufunika. Sehemu ya mshale iliyopakwa sumu ilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi laini, ambao uliondolewa tu pale mnyama alipokuwa karibu. Ukanda huo ulikuwa na kazi mbili: ulizuia sumu isikauke na kupoteza ukali wake, na ulimkinga mwenye mshale na wenzake. Kanuni ya pili ni kutenganisha. Mshale haukuwekwa juu ya upote wakati wa kutembea. Wasasi aghalabu hufuatana mmoja nyuma ya mwingine, na ncha ya mshale wa aliye nyuma inauelekea mgongo wa aliye mbele. Mshale hupata kuwekwa kwenye upote pale tu kunyatia kunapoanza, na anayefanya hivyo ni yule ambaye hakuna mtu mbele yake.

Waata wa Nyika ya Tsavo

Waata walikuwa wasasi mashuhuri wa eneo lililo kati ya mito ya Galana na Tana na katika nyika ya Tsavo. Lugha yao ni ya jamii ya Kioromo. Majirani waliwapa majina mengine: pwani waliitwa Wasanye, na kutokana na jinsi Wamijikenda walivyowaita, maandishi ya kikoloni yakawaita Waliangulu. Sifa yao kubwa ilikuwa kumwinda ndovu kwa uta.

Uta wa Mwaata ulikuwa wa ajabu kwa ugumu wake. Kuuvuta kikamilifu kulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45 na zaidi, na wageni wengi waliojaribu walishindwa. Nguvu hiyo ilihitajika ili chembe ipenye ngozi nene na kufikisha sumu mahali penye damu nyingi. Hata hivyo, nguvu peke yake haikutosha. Msasi alimkaribia ndovu hadi umbali wa hatua chache, akiufuata upepo kwa uangalifu, kwa kuwa ndovu huona hafifu lakini hunusa vizuri mno.

Hapa ndipo ubebaji ulipopimwa. Mwaata aliubeba uta mkononi, na mishale aliiweka katika podo lenye kifuniko lililoning'inizwa begani kwa ukanda wa ngozi. Kifuniko kilizuia mishale isimwagike mtu alipoinama chini ya matawi, na kilizuia vumbi na unyevu. Podo lililofungwa pia ndilo lililomwezesha mtu kutambaa kwa tumbo bila kuhofia kuchomwa na chembe zake. Kazi ikigawanyika hivi, uta mkononi na sumu begani, msasi alikuwa tayari na salama kwa wakati mmoja. Wakamba, ambao pia walikuwa mahodari wa uta na sumu, walitumia mpango unaofanana na huu: thyaka ya ngozi yenye kifuniko begani, na uta mkononi.

Wahadza na Wasan

Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi hutoa mfano tofauti. Idadi yao ni takriban watu elfu moja na mia chache, na baadhi yao wangali wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwaka 1970 Jumba la Makumbusho la Uingereza lilichapisha kitabu cha James Woodburn kuhusu vifaa vyao, na tangu wakati huo watafiti wengi wamewaandika.

Uta wa Mhadza ni mrefu, unakaribia kimo cha mtu. Mhadza kwa kawaida hatumii podo. Hushika uta na mishale yake pamoja katika mkono mmoja, kama mtu anavyoshika fungu la fimbo. Mishale hiyo si ya aina moja. Ipo ya ncha ya mti mtupu, ya kuwindia ndege na wanyama wadogo. Ipo yenye chembe za chuma zisizo na sumu. Na ipo yenye chembe za chuma zilizopakwa sumu, ya kuwindia wanyama wakubwa. Chembe za chuma hufuliwa mara nyingi kutokana na misumari. Mishale ya sumu huvikwa ukanda wa ngozi kama ilivyoelezwa, na kwa hiyo mkono unaoishika pamoja na mingine hauogopi.

Faida ya kushika mata yote mkononi ni wepesi wa kuchagua. Mhadza hatoki na nia ya kumtafuta mnyama mmoja tu. Huenda akakutana na kanga, pimbi au pofu katika mwendo ule ule, na kila mmoja ana mshale wake. Mishale ikiwa wazi mkononi, jicho huona na vidole huchomoa. Hasara yake ni kwamba mkono mmoja umejaa wakati wote. Lakini Mhadza ameuzoea mzigo huu tangu utotoni. Wavulana hupewa uta mdogo wakiwa wachanga sana, hata kabla ya kutimiza miaka 5, na hutembea nao kila mahali. Mtoto hafundishwi kubeba kwa maneno. Huzurura na wenzake, hunaswa na miiba, huangusha mishale, na hatimaye mkono wenyewe hujifunza.

Mbali zaidi kusini, Wasan wa jangwa la Kalahari wana njia ya tatu. Uta wao ni mdogo na mwepesi, kwa kuwa wanategemea sumu ya viluwiluwi vya mbawakawa kuliko nguvu ya mti. Uta huo huwekwa katika mfuko wa ngozi pamoja na podo na vifaa vingine, na mfuko mzima hubebwa begani. Katika nchi ya mchanga na vichaka vya hapa na pale, ambako msasi humfuata mnyama kwa nyayo zake kwa muda mrefu, mikono mitupu ina faida kuliko uta ulio tayari.

Mifano hii mitatu ikilinganishwa, inabainika kwamba hakuna njia moja iliyo bora kuliko nyingine. Ukubwa wa uta, aina ya sumu, wingi wa miiba na tabia ya mnyama ndivyo vilivyoamua. Kila jamii ilipata jibu la swali lake.

Ubebaji kama Usemi

Zaidi ya manufaa ya usasi, namna ya kubeba uta ilikuwa pia ujumbe kwa watu wengine. Mtu aliyetokea njiani akiwa na uta umelala mkononi na podo limefungwa alisomeka kuwa msasi au msafiri. Mtu huyo huyo akiwa na mshale juu ya upote alisomeka vingine kabisa. Hapakuwa na haja ya kuuliza.

Fasihi ya Kiswahili inalijua jambo hili vyema. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa aliyatungia utenzi mwaka 1913, shujaa hatengani na mata yake. Inasimuliwa kwamba watu wa msituni, yaani Wasanye na Wadahalo, walishawishiwa na mfalme wa Pate wamuue. Wakapanga kula kikoa cha makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu, ili wamfume Liyongo atakapokuwa juu mtini na mikono yake imeshughulika. Zamu yake ilipofika, Liyongo hakupanda. Aliyaangua makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Njama ilishindwa kwa kuwa mwenye uta hakukubali kuuweka uta wake chini.

Mwisho wa masimulizi hayo una funzo kubwa zaidi. Liyongo alipochomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, alichukua mata yake, akaenda karibu na kisima, akapiga goti na kuutega mshale. Akafa katika hali hiyo. Watu wa mji waliuona uta umetegwa, na siku zilipita bila mtu kuthubutu kuteka maji, mpaka maiti ilipoanguka. Mji mzima ulitii lugha ya uta hata baada ya mwenye uta kunyamaza. Kisa hiki kingekuwa kigumu kueleweka katika jamii isiyojua kusoma jinsi uta unavyoshikwa.

Lugha hiyo ya uta ingali inasomwa, wakati mwingine kwa huzuni. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, vijana walionekana barabarani na mishale ikiwa tayari juu ya nyuta. Kila aliyewaona alijua kwamba hao hawakuwa wasasi.

Sheria na Kimya cha Uta

Karne ya ishirini ilibadilisha maana ya kuonekana na uta nchini Kenya. Sheria za kikoloni za wanyamapori ziligawa uwindaji kwa leseni, na Mwafrika mwenye uta akageuzwa kuwa jangili. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, ikameza sehemu kubwa ya nchi ambayo Waata waliizoea. Katika miaka ya 1956 na 1957 kampeni kali dhidi ya ujangili iliendeshwa huko na maafisa kama David Sheldrick na Bill Woodley, na wasasi wengi wa Kiwaata walikamatwa na kufungwa. Mwaka 1960 mpango wa Galana ulianzishwa ili Waata wawinde kwa idhini, lakini haukudumu miaka mingi. Hatimaye, mwaka 1977, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa leseni.

Haki inadai pande zote zitazamwe. Ndovu wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, walibaki takriban 16,000 mwaka 1989, na nchi ililazimika kuchukua hatua kali ili wasitoweke. Lakini maangamizi ya miaka hiyo yaliletwa na bunduki na biashara kubwa ya pembe, si na mzee mwenye uta wa mkole. Yule aliyeubeba uta kwa kanuni zilizoelezwa hapo juu alinyamazishwa kwanza, na aliyekuja baadaye na bunduki hakuwa na kanuni yoyote.

Matokeo yake ni kwamba elimu hii haina tena mahali pa kufundishiwa. Ubebaji wa uta hujifunzwa kwa kubeba. Kijana wa Kiwaata au wa Kikamba ambaye hajawahi kupita kichakani na uta mkononi hawezi kujua kwa nini babu yake aliutanguliza kwa ncha. Neno nalo hufa pamoja na tendo lake. Mwanafunzi wa leo anayekutana na upote, wano au ziaka katika tenzi za kale hulazimika kutafuta kamusi, na kamusi humpa maana bila kumpa picha. Kwa upande wa Wahadza hali ni tofauti kidogo. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi katika Bonde la Yaeda, na huko uta ungali unatembea, ingawa mashamba na mifugo vinazidi kuusogelea.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ubebaji wa uta unatawaliwa na uhai wa mti na upote, hali ya mahali, tabia ya mnyama na hatari ya sumu, na kwamba jamii mbalimbali zimetoa majibu mbalimbali kulingana na mazingira yao. Imebainika pia kwamba uta mkononi mwa mtu ulikuwa usemi ulioeleweka na wote, na kwamba fasihi ya Kiswahili imehifadhi kumbukumbu ya usemi huo.

Hakuna anayedai kwamba marufuku ya uwindaji iondolewe ili elimu hii iendelee. Kinachowezekana, na kinachotakiwa upesi, ni kuirekodi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili, na inazitambua jamii za wasasi miongoni mwa jamii zilizotengwa. Utekelezaji wa maneno hayo hauwezi kuachiwa serikali peke yake. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Kitui, Kilifi au Tana River ana wazee nyumbani ambao mikono yao ingali inakumbuka. Akiwaendea na daftari, asiwaulize majina ya vifaa tu. Awape fimbo ndefu mkononi, awaombe wapite nayo kichakani, na aandike kila wanachokifanya na neno wanalokiitia. Wazee hao hawatangoja milele.